Bahari ya Kwenye Kava

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa Katesh, kwa mchuuzi wa mitumba aliyeiweka juu ya turubai, katikati ya makoti ya baridi na viatu visivyo na wenzake. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kilichokuwa hakipatikani kilianza kupatikana ghafla: sabuni, betri, redio, na suruali za watu ambao sisi tuliamini wamekufa Ulaya. Mchuuzi hakujua kamera ile inafunguliwa wapi. Mimi nilikuwa sijui pia, kwa hiyo tulielewana haraka.

Baada ya miaka michache nilikuwa na chumba cha studio karibu na stendi, chenye pazia la bluu, kiti kimoja, kioo na chanuo. Nilipiga picha za kipaimara, za harusi, na zile ndogo za kubandika kwenye fomu. Mikanda niliipeleka Arusha kusafishwa kwa mkono wa kondakta, na picha zikirudi nilizipanga dirishani ili wapita njia waone kazi. Mwanamke mwenye kamera lilikuwa jambo la kutazamwa wakati ule, na nilitazamwa vya kutosha hadi nikaanza kujiona fundi.

Kwa hiyo kwaya ya kanisa letu la Gitting ilipoamua kutoa kaseti, hawakuhangaika kutafuta mpiga picha. Mimi ni mzaliwa wa Gitting. Shangazi yangu, aliyenilea, aliimba sauti ya pili tangu akinibeba mgongoni. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenifundisha hesabu shule ya msingi. Mtu mwembamba, mwenye saa ya mkononi aliyoiangalia hata wakati wa sala, na ambaye alimsifu Mungu kwa ratiba.

Siku zile kila kwaya yenye heshima ilikuwa na kaseti, na kila kaseti yenye heshima ilikuwa na bahari kwenye kava. Kwaya moja ya upande wa Mbulu, watu wa mlimani kama sisi, wenye kuvaa masweta mawili mwezi wa saba, ilikuwa imetoka na kava lenye mawimbi na minazi. Mwalimu wa kwaya alilipitisha kava hilo kikaoni, mkono kwa mkono, kama ushahidi mahakamani.

"Hawa nao hawana bahari," alisema. "Lakini wamesimama mbele yake."

Mzee mmoja wa kanisa alinyoosha kidole. "Mwalimu, si tupige hapa hapa? Mlima Hanang' upo nyuma yetu."

"Mlima kila mtu anauona bure," mwalimu alijibu, na kikao kikaona ana akili.

Mpango ukawa huu: nyimbo zirekodiwe Arusha kwa siku mbili, kisha basi letu la kukodi liendelee mpaka Tanga, ambako usharika mmoja ulikuwa tayari kutupokea. Picha zipigwe ufukweni, halafu turudi. Mwalimu aliandika yote kwenye karatasi ya mraba. Nilipoipata nakala yangu nikasoma, kati ya chai ya asubuhi na sala ya safari, mstari huu: "Saa tatu kamili hadi saa tatu na nusu: bahari."

Tuliondoka watu thelathini na wawili. Wa thelathini na mbili, kwa maana ya kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika kama ataruhusiwa kupanda, alikuwa mzee wa Kibarbaig kutoka Getanuwas. Alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote kwenye tambarare, akawaacha ng'ombe huko kwa wanawe, akaja kuishi Gitting kwa binti yake aliyeolewa hapo, akabatizwa uzeeni, akaingia kwenye kwaya sauti ya nne. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mwalimu hakuweza kumwacha, ingawa maneno ya nyimbo aliyafuata kwa mbali, kama mtu anayefuata mifugo yake bila haraka. Alipanda basi na sare ya kwaya mwilini, fimbo mkononi, mgolole wake umekunjwa kwapani, na kidumu kitupu cha lita tano.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia. "Kidumu cha nini?"

"Marahaba. Ng'ombe," alisema, akaketi, akakiweka katikati ya magoti. Nikadhani hakunisikia vizuri.

Arusha nyimbo zilirekodiwa salama. Tanga tulifika jioni, tumelowa jasho, maana shangazi na wenzake walikuwa wamekataa kuvua masweta njia nzima. Hawakuamini kwamba joto la namna ile linaweza kudumu. Wenyeji walitupokea kwa wali wa nazi. Usiku tulilala, asubuhi tukavaa sare: wanawake magauni marefu ya zambarau, wanaume mashati meupe na tai. Saa tatu kasoro dakika tano, mwalimu akituongoza na saa yake, tulishuka ufukweni kupigwa picha na bahari.

Bahari haikuwepo.

Nasema kama tulivyoona. Palikuwa na mchanga, baada ya mchanga tope, baada ya tope mawe yenye majani ya kijani, na mitumbwi miwili imelala ubavu. Mbali sana, mahali ambapo kwetu pangekuwa kijiji kingine, kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Kwaya nzima ilisimama kwenye mchanga. Watu hawa wengi wao walikuwa wameuza mahindi na maharage kuchangia safari ya kuja kuona tope.

Mama mmoja mwenye ndoo alikuwa ameinama karibu akiokota vitu vyenye magamba. Mwalimu alimwendea, viatu vyake vya kanisani vikizama.

"Habari za asubuhi mama. Samahani, bahari iko wapi?"

Yule mama alinyanyuka akamtazama, akatutazama na sisi wote na zambarau yetu. "Karibuni wageni. Maji yamekupwa."

"Yame... nini?"

"Yametoka. Yatarudi."

"Saa ngapi?"

"Yakianza kujaa mtayaona wenyewe. Saa saba, saa nane hivi."

Mwalimu aliangalia saa yake, akaangalia ratiba, akarudi kwetu na sura ya mtu aliyeambiwa mgeni rasmi amechelewa. "Tutasubiri," alisema. "Kuna tatizo dogo la upande wa wenyeji."

Tukasubiri kwa muda wa saa nne, chini ya miti michache, tukiwa ndani ya sare. Hatukuruhusiwa kuvua tai. Kijana mmoja wa sauti ya tatu alizimia kidogo akamwagiwa maji. Shangazi yangu alivua sweta hatimaye, akalikunja, akaniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwamba watu wanaoweza kuishi mahali penye joto hivi wana sababu zao na hapendi kuzijua. Mzee wa Getanuwas peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alisimama kwa mguu mmoja, amejiegemeza kwenye fimbo, akiangalia ule mstari wa mbali kama anavyoangalia mtu aliyezoea kungoja mifugo irudi.

"Yanakuja," alisema mara moja. Hakuna aliyemjali. Baada ya robo saa tukaona ni kweli.

Yalipofika mchangani mwalimu alikuwa tayari. Alitupanga: wote wavue viatu na kuvipanga kwenye mstari mbele yangu... hapana, aliamua, viatu vitaonekana vibaya kwenye picha, vikae pembeni, ukingoni mwa maji, ambako kamera haielekei. Wanawake mbele, wanaume nyuma, wote waipe bahari mgongo na kuionyesha kwa mkono wa kulia kama wanaitambulisha.

"Asiwepo wa kugeuka nyuma!" alisema. "Kila mtu amtazame mpiga picha. Na wewe binti, bahari ionekane yote."

"Ndiyo mwalimu," nilisema, kama nilivyokuwa nikisema darasani, na kwa uelewa ule ule.

Nilikuwa na mikanda miwili ya picha thelathini na sita. Nilikuwa na ujuzi wa studio yenye dirisha moja na wa viwanja vya harusi za Hanang', ambako wingu ni la kila siku. Jua la saa nane mbele ya maji sikuwahi kukutana nalo. Niliweka kamera kama nilivyozoea kuiweka Katesh, nikafumba jicho moja, nikaanza kazi. Niliona maji yakipanda nyuma yao na nikafikiri: vizuri, bahari inazidi kuonekana. Nilikuwa kwenye picha ya ishirini hivi wimbi lilipofika.

Halikuwa wimbi kubwa. Mwenyeji asingeliita wimbi. Lakini lilikuta watu thelathini walioamriwa wasigeuke, likawapanda mpaka magotini kwa nyuma, likawapita, likarudi na viatu. Sauti ya kwanza walipiga kelele kwa ufunguo wa muziki ambao mwalimu alikuwa amewafundisha mwezi mzima bila mafanikio. Kila picha niliyopiga kuanzia hapo ina watu wenye macho yaliyotoka, mkono wa kulia bado umenyooshwa kwa utii. Viatu vingi viliokotwa. Cha kushoto cha shangazi hakikupatikana, na alirudi Gitting na kiatu kimoja, alichokibeba mkononi mpaka nyumbani kwa sababu, alisema, hicho hakikuwa na kosa.

Mwalimu alitangaza zoezi limekamilika. Watu wakaenda kujikausha. Jua lilikuwa limeanza kushuka na wingu lilikuwa limepita mbele yake, na mwanga ukawa laini kama wa kwetu. Nilikuwa nafunga mkoba nilipomwona mzee wa Getanuwas. Alikuwa amevua shati la sare, amelikunja vizuri na kuliweka juu ya jiwe, akajifunga mgolole wake, na sasa alikuwa anaingia majini taratibu, fimbo mbele, kidumu mkono wa pili. Maji yalipofika kiunoni alisimama. Alichota kiganja akaonja. Akatema, akafikiri, akaonja tena. Kisha akaanza kujaza kidumu.

"Mzee! Sare!" mwalimu alipaza sauti toka mitini. "Toka hapo, unaharibu mandhari!"

Mzee hakugeuka. Mkanda wangu ulikuwa umebakiwa na picha moja. Niliipiga.

Alipotoka nilimsaidia kufunga mfuniko. "Maji haya hayanyweki, mzee."

"Najua. Ni chumvi." Alikaza mfuniko yeye mwenyewe kwa mara ya pili. "Mimi nimekuja nimeona. Wao hawajaja." Ndipo nikaelewa lile jibu lake la ng'ombe ndani ya basi.

Njia nzima ya kurudi kidumu kilikaa kati ya magoti yake.

Picha zilisafishwa Arusha. Nilizitoa kwenye bahasha kwa furaha, moja baada ya nyingine. Kwaya ilionekana, zambarau safi, nyuso safi. Nyuma yao hapakuwa na kitu. Mwanga ulikuwa umeikula bahari yote. Kutoka mabega ya sauti ya nne kwenda juu palikuwa peupe pe. Picha pekee ambayo ndani yake mlikuwa na maji, mawimbi, wingu na upeo, vyote vikiwa vimekaa mahali pake, ilikuwa ile ya mwisho, ya mzee na kidumu.

Sikumwambia mtu. Za kabla ya wimbi wote walikuwa wamefumba macho kwa jua, hivyo nilichagua ya baada yake ambayo macho ya watu yalikuwa yametoka kidogo kuliko nyingine, nikampa mwalimu, naye, kwa kuwa alijua pale nyuma kulikuwa na bahari, aliiona. "Inang'aa sana," alisema kwa kuridhika. Ikatumwa kwa mtu wa kutengeneza makava mjini, mwenye kompyuta.

Makava yalirudi kwa basi baada ya mwezi, yakiwa na kaseti zake ndani ya boksi. Tulikusanyika kanisani kulifungua. Mwalimu alitoa la kwanza, akalitazama, akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena.

Kwaya yetu ilikuwa imesimama mbele ya maporomoko ya maji. Kulia kulikuwa na bustani ya maua mekundu yenye vikombe, ambayo sijawahi kuona yanaota popote. Nyuma kulikuwa na milima yenye theluji. Kwa kuwa miguu yao ilikuwa ndani ya maji, fundi alikuwa ameikata magotini, hivyo watu wote walikuwa wanaelea juu ya maua, wakionyesha theluji kwa mkono wa kulia, kwa mshangao.

Ndani ya boksi kulikuwa na barua fupi. Mwalimu aliisoma kwa sauti kabla hajajua imeandikwa nini. Fundi alisalimu, akashukuru kwa kazi, akaeleza: "Lile shuka la kitanda mlilotundika nyuma ya waimbaji nimeliondoa, halikupendeza. Nimewawekea mandhari bora bila nyongeza ya bei."

Nilihisi macho ya shangazi shingoni mwangu.

"Shuka la kitanda," alisema shangazi. "Lililochukua kiatu changu."

Hapakuwa na namna ya kurudia. Mwalimu alikaa na kava lile siku mbili, na Jumapili alitangaza kwamba maporomoko ni maji pia. Watu wakakubali. Kusema kweli wengi walilipenda. Ila majirani walianza kuuliza kama kwaya ilikwenda Ulaya, na tuliposema tulikwenda Tanga, walicheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto anayeeleza jinsi kikombe kilivyojivunja chenyewe.

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa wakati huo. Ofisi za Babati zilikuwa bado zinanukia rangi, na maofisa walikuwa wameletwa kutoka kila kona ya nchi, wengine wakiwa hawajanunua koti. Mgeni rasmi wetu alikuwa mmoja wao, baba wa makamo, mnene, anayetetemeka ndani ya suti nyepesi. Alisikiliza nyimbo, akasikiliza risala, akapewa kaseti ya kwanza kwenye sahani yenye kitambaa. Akavaa miwani.

"Hongereni sana," alisema kwenye kipaza sauti. "Kava zuri. Hapa mlipiga wapi?"

Mwalimu alisimama wima. "Tanga, mheshimiwa."

Mgeni rasmi alishusha miwani. "Mimi nimezaliwa Tanga," alisema polepole. "Nimekulia Tanga. Theluji hiyo iko mtaa gani?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nilikuwa nimesimama pembeni na kamera, na nilitamani ardhi ya Gitting inimeze na mkoba wangu.

Ndipo mzee wa Getanuwas akatoka kwenye mstari wa nyuma. Hakuomba ruhusa wala hakuchukua kipaza sauti. Sauti ile haikukihitaji.

"Tulienda," alisema. "Mimi nilienda. Asubuhi maji hayapo. Yameenda malishoni. Hakuna anayeyachunga. Mama mmoja yuko na ndoo, anaokota vitu kwenye tope. Tukangoja. Mchana yakarudi yenyewe, yote, hakuna hata moja limepotea. Yana chumvi. Nilichukua kidumu kwa ajili ya ng'ombe. Wawili walikunywa kidogo. Mmoja alinitazama kama nimemtukana baba yake. Basi."

Akarudi kwenye mstari.

Watu walikuwa wameanza kucheka tena, lakini mgeni rasmi hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na ile picha ndani ya bahasha, nimeikuza ukubwa wa daftari, nimekuja nayo ili nimpe mzee baada ya ibada. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilitembea mpaka meza kuu, nikamwamkia, nikaiweka mbele yake.

Aliangalia muda mrefu. Alimpita mzee kwa macho, akaenda kwenye maji, kwenye kona ambapo ncha ya mtumbwi ilionekana.

"Hapa," alisema, akiwa amesahau kwamba kipaza sauti kinasikia. "Hapa tulikuwa tunaogelea tukitoroka chuoni. Mama yangu alikuwa anaokota chaza pale." Kisha akatoa leso akajifanya anafuta miwani. Alinunua kaseti kumi, na baada yake watu wakaona haya kutonunua. Mwalimu wa kwaya alinipa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yetu. Na mgeni rasmi alipoondoka kuelekea Babati, picha ilikuwa kwapani mwake. Hakuniomba, na mimi sikujua mgeni rasmi anakataliwa kwa maneno gani.

Baada ya wiki tatu mzee alikuja studio Katesh siku ya mnada. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo mlangoni. Tuliamkiana, tukaulizana hali ya mvua na ya ng'ombe, yule aliyetukanwa akiwemo. Kisha akasema: "Picha yangu."

"Iko Babati, mzee. Kwa ofisa."

"Ofisa ananitaka nini?"

"Hakutaki wewe. Anayataka yale maji yaliyo nyuma yako. Ni kwao."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na aliona kwamba kila mtu anapenda kwao.

"Basi mkatie maji abaki nayo," alisema. "Mimi unirudishie."

Nilimweleza kwamba picha ina mama yake, ule mkanda, na mkanda nilikuwa nao. Nikaupeleka Arusha asafishiwe nyingine. Alipokuja kuichukua aliisogeza dirishani, akaitazama mbali, akaitazama karibu, akapitisha kidole juu ya mgolole, juu ya fimbo, juu ya kidumu, kama anayehakikisha kila kitu kimerudi.

"Huyu ni mimi," alisema. "Haya maji sijui. Yale yalikuwa yanatembea."

Akaikunja picha mara mbili katikati, kabla sijaweza kumzuia, akaitia ndani ya mgolole, akaniuliza kama gari la Getanuwas limeshaondoka.